Ripoti inasema KRAS: je, kaka yangu amenyimwa dawa?

*"Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 42, tunaishi Dar es Salaam. Mwezi wa pili alifanyiwa upasuaji wa dharura, utumbo ulikuwa umeziba, wakatoa uvimbe chini upande wa kushoto. Majibu yakasema ni saratani ya utumbo mpana. Picha ya CT imeonyesha madoa matatu kwenye ini, yote upande wa kulia, kubwa kuliko yote lina sentimita 2.8. Mapafu ni safi. Kinyama kilipelekwa India kupimwa jeni, karatasi imerudi imeandikwa: KRAS G12D ipo, NRAS na BRAF hazina mabadiliko, MSS. Daktari wake akasema basi cetuximab hapewi, ataanza kemo ya kawaida ya dripu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anapewa hiyo hiyo cetuximab na anaendelea vizuri. Tunajiuliza, ni kwa sababu bima yetu ni ndogo? Wifi yangu ameongea na wakala wa safari za matibabu, anasema twende India akapewe dawa za kuamsha kinga, tuandae milioni 60 za kuanzia. Tuna kiwanja Chanika tunataka kuuza. Mama naye analia, anasema kama ni jeni basi ni ya ukoo na sisi wengine tutafuata. Na je, kwa majibu haya ataishi muda gani? Naomba unijibu kwa lugha ya kueleweka."*

Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana nyumbani, na mpe mama pole yake peke yake, maana nitamrudia.

Umeniuliza mambo manne kwa pumzi moja: kama kaka amenyimwa dawa, kama muuze kiwanja, kama ugonjwa huu ni wa ukoo, na ataishi muda gani. Naanza na kiwanja kwa sababu ndicho kinachoweza kuondoka wiki hii. Mengine yanaweza kusubiri mpaka ukamilishe kusoma.

Angalia tena ile karatasi, mwishoni kabisa, zile herufi tatu: MSS. Watu wengi huziruka kwa sababu KRAS imeandikwa kwa wino mzito, lakini kwa swali lenu la India herufi hizo tatu ndizo zenye jibu. Kila seli inapojigawa inalazimika kunakili maelekezo yake yote upya, na katika kunakili makosa hutokea. Mwili una protini ambazo kazi yake ni kupita nyuma ya mnakili na kusahihisha. Nne kati yake utaziona kwenye ripoti za maabara: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kwa baadhi ya wagonjwa wasahihishaji hawa wameharibika, makosa yanarundikana kwa maelfu, na uvimbe unakuwa na sura ngeni kiasi kwamba askari wa kinga ya mwili wanaweza kuutambua. Uvimbe wa namna hiyo huandikwa MSI. Wa kaka yako ni MSS, maana yake wasahihishaji wake wapo kazini, makosa ni machache, na askari wakiuona wanaupita kama wanavyompita mwenyeji wa mtaa.

Dawa za kuamsha kinga, ambayo mashuhuri zaidi ni pembrolizumab, hazitengenezi askari wapya. Zinachofanya ni kuwafungulia breki waliopo. Kama askari hawamtambui adui, kuwafungulia breki hakusaidii kitu. Hilo halikubaki nadharia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa dawa hiyo wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Kati ya 10 wa aina ya MSI, uvimbe ulinywea kwa wanne. Kati ya 18 wenye wasahihishaji wazima, kama kaka yako, hakuna hata mmoja. Baadaye, mwaka 2020, utafiti mkubwa uitwao KEYNOTE-177 ulionyesha kwamba kwa wenye MSI dawa hiyo ikitolewa mwanzoni inazuia ugonjwa kusonga mbele kwa miezi 16.5, wakati kemo ilizuia kwa miezi 8.2. Ndiyo maana mnaona kwenye simu shuhuda za watu waliopona kwa dawa za kinga. Shuhuda hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa. Ila kwa wagonjwa ambao ugonjwa umeshafika kwenye ini au mapafu, MSI ni kama wanne au watano tu kati ya 100, na karatasi yenu inasema kaka hayumo.

Sisemi wakala wenu ni tapeli. Simjui. Muulize swali moja tu: "Mgonjwa ni MSS, dawa hii itamsaidiaje?" Akikujibu kwa kukutumia picha za hoteli ya kupumzikia, umeshapata jibu.

Sasa cetuximab, na jirani wa kitanda.

Juu ya ngozi ya seli za utumbo kuna vipokezi vinavyoitwa EGFR. Kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka nje unaosema "kua, jigawe", kisha kuupitisha ndani. Anayeupokea huko ndani na kuusambaza ni protini ya RAS, ambayo ina ndugu kadhaa, KRAS na NRAS wakiwemo. Katika hali ya kawaida RAS inawaka ujumbe ukija, inazima kazi ikiisha. Cetuximab, pamoja na ndugu yake panitumumab, inakaa juu ya EGFR na kuziba mlango ili ujumbe usiingie.

Wewe ni mtu wa Dar, unajua habari ya maji. Fikiria nyumba yenye koki barabarani, kwenye mita. Ukiifunga, mabomba ya ndani yanakauka. Lakini kama nyumba ina tangi juu ya paa, na bomba la kutoka kwenye tangi limepasuka, funga koki ya barabarani mara kumi, sebuleni maji yataendelea kumwagika. Cetuximab ni fundi wa koki ya barabarani. Mabadiliko ya KRAS ni bomba la tangi lililopasuka. Ujumbe wa kukua hautoki tena nje, unatoka ndani kwa ndani, kwa sababu RAS imewaka na imegoma kuzima.

Na kilichoharibika ni kidogo kuliko unavyodhani. Protini ya KRAS ni mnyororo wa pete kama 190 hivi, kila pete ikiwa asidi amino moja, yaani tofali dogo la kujengea protini. G12D maana yake pete ya 12, iliyotakiwa kuwa glisini, imekuwa asidi ya aspatiki. Kwenye maandishi ya jeni ni herufi moja tu iliyobadilika, G ikawa A. Glisini ni pete ndogo kuliko zote, na mahali pale palihitaji kidogo namna hiyo ili swichi iweze kujizima. Ikikaa kubwa zaidi, swichi inakwama.

Hata sisi madaktari hatukulijua hili tangu mwanzo. Cetuximab iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani hii, na kwa miaka kadhaa wagonjwa walipewa bila kupimwa KRAS. Wengine walipata nafuu, wengine walipata vipele vya uso tu. (Mwangalie jirani wa kitanda, kama ni cetuximab kweli huenda ana vipele kama chunusi puani na kifuani.) Mwaka 2008 ndipo ilipothibitika kwamba waliokuwa na mabadiliko ya KRAS hawakuwa wakinufaika, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikabadilisha maelekezo. Tangu hapo kupima kwanza ndiyo kanuni.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu wa wagonjwa hawaambiwi mara nyingi. Kwa mtu mwenye mabadiliko ya RAS, kuongezewa dawa ya kundi hili si kupoteza fedha tu. Katika utafiti uitwao PRIME, wagonjwa wenye RAS iliyobadilika waliopewa kemo pamoja na panitumumab waliishi miezi 15.6, na wale waliopewa kemo peke yake waliishi miezi 19.2. Dawa ghali, matokeo mabaya zaidi. Kwa hiyo hata kama bima yenu ingekuwa ya waziri, daktari wa kaka yako angefanya kosa kumpa. Hakumnyima. Alisoma karatasi akaifuata, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Jirani wa kitanda bila shaka karatasi yake inasema vingine. Karibu wanne kati ya kumi wenye saratani ya utumbo mpana wana mabadiliko ya KRAS, sita hawana. Na katika hao sita wanaonufaika hasa na cetuximab ni wale ambao uvimbe wao ulianzia upande wa kushoto. Ugonjwa ni jina moja, lakini vitanda viwili vilivyogusana vinaweza kuwa na magonjwa mawili.

Utasikia pia, na ukitafuta kwenye intaneti utakutana nayo, kwamba KRAS sasa ina dawa yake. Ni kweli nusu. Kwa karibu miaka 40 wanasayansi walisema protini hii haishikiki, laini kama kokoto la mtoni. Kisha zikapatikana dawa mbili, sotorasib na adagrasib, zinazoweza kuing'ang'ania, na zikiunganishwa na panitumumab au cetuximab zimeruhusiwa Marekani kwa saratani hii katika miaka ya 2024 na 2025. Lakini zinashika aina moja tu, G12C, ambayo inapatikana kwa wagonjwa watatu au wanne kati ya 100. Kaka yako ana D, si C. Dawa za kushika D zinajaribiwa kwa wagonjwa katika nchi kadhaa na mimi nazifuatilia kwa hamu, ila si kitu cha kununua leo dukani. Mtu akikuuzia dawa ya KRAS bila kukuuliza herufi ya mwisho, ondoka.

Na BRAF? Hapo mna habari njema ambayo hakuna aliyewapongeza. Mabadiliko ya BRAF yaitwayo V600E, yanayoonekana kwa wagonjwa wanane hadi kumi kati ya 100, huufanya ugonjwa huu kuwa mkali mno. Kaka hana. Karatasi hiyo hiyo iliyowaliza ina mstari wa kushukuru.

Sasa mama.

Neno jeni kwa Kiswahili chetu limebeba damu ya ukoo, na ndiyo maana mama amelia. Lakini kuna jeni ulizozaliwa nazo, zilizo katika kila seli yako tangu tumboni, na kuna jeni zilizoharibika ndani ya uvimbe peke yake, ukubwani. KRAS G12D ya kaka ni ya aina hii ya pili. Ilitokea kwenye seli moja ya utumbo wake, pengine miaka mingi kabla hajaumwa, na ikabaki kwa watoto wa seli hiyo. Haimo katika mbegu zake, hakuipokea kwa mama, na watoto wake hawakuirithi. Mwambie mama hilo kwa maneno hayo hayo. Wala haikuletwa na upasuaji au kemo.

Ila sitaki muamini kwamba suala la ukoo limefungwa kabisa. Kinachonigusa ni umri wake kuliko KRAS. Miaka 42 ni mapema. Ugonjwa wa kurithi unaoongoza kwa saratani hii unaitwa sindromu ya Lynch, ambapo mtu huzaliwa na mmoja wa wale wasahihishaji akiwa ameharibika, na uvimbe wake kwa kawaida hutoka MSI. Kaka ni MSS, kwa hiyo Lynch inakuwa mbali sana. Kuna mwingine ambao utumbo mpana huota vinyama vidogo kwa mamia, na huo hauonekani kwenye kipimo hiki, unaonekana kwa kamera. Hapa nina swali: kaka amewahi kupimwa kwa kamera utumbo mpana wote? Mtu akiingia chumba cha upasuaji kwa dharura, utumbo umeziba, kipimo cha kamera mara nyingi hakifanyiki, na baadaye husahaulika kwa sababu kila mtu anahangaika na ini. Kinatakiwa kifanyike ndani ya miezi michache baada ya upasuaji, kuangalia kama kuna vinyama au uvimbe mwingine upande uliobaki. Kikumbusheni.

Wewe na ndugu zako wa tumbo moja, bila kujali jeni yoyote, mnatakiwa kupimwa kwa kamera mkifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao kaka aligundulika, inayotangulia kati ya hizo. Kwa hesabu ya familia yenu ni miaka 32. Kama umeshaivuka, ni sasa. Watoto wake wakifika umri huo, nao pia. Vinyama vinavyokuja kuwa saratani huchukua miaka mingi kukua, na mwenye kamera huviondoa hapo hapo siku ya kipimo. Kama kuna kitu cha kuuzia mbuzi wawili, ni hiki.

Nimefika kwenye swali ulilolificha mwishoni.

Ataishi muda gani sijui, na daktari atakayekutajia mwezi amekudanganya. Ninachoweza kukupa ni namna ya kusoma namba utakazokutana nazo. Utasoma "miezi 19" au "miezi 30" na utadhani ni tarehe. Siyo. Wapange wagonjwa 100 mstari, kuanzia aliyeondoka mapema hadi aliyeishi zaidi ya wote, kisha mwangalie wa 50. Namba unayosoma ni ya huyo. Nusu ya mstari bado iko nyuma yake, na wengine huko nyuma wapo mbali sana. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kwa wale ambao saratani hii iligunduliwa ikiwa imeshasambaa mbali, takribani watu 15 kati ya 100 wapo hai baada ya miaka mitano. Na ndiyo, wenye KRAS iliyobadilika kwa jumla huishi muda mfupi kuliko wasio nayo, kwa sababu ugonjwa una kasi zaidi kidogo na kwa sababu dawa za kundi moja zimeondoka mezani. Sitakuficha hilo.

Lakini mstari ule wa 100 unachanganya watu wenye madoa 20 kwenye ini na mapafu yote mawili, na watu wenye madoa matatu upande mmoja. Kaka yako ni wa pili. Niliposoma barua yako kalamu yangu haikusimama kwenye KRAS, ilisimama hapo: madoa matatu, upande wa kulia, kubwa sentimita 2.8, mapafu safi. Nikajiuliza kama kuna daktari wa upasuaji wa ini aliyeiona picha hiyo. Hamkuniandikia kama yupo.

Saratani ya utumbo mpana ni mojawapo ya chache ambazo hata ikifika kwenye ini bado inaweza kukatwa kwa nia ya kuponya. Ini ni kiungo cha ajabu, linaota tena. Likiwa zima, unaweza kuondoa sehemu kubwa na kubakisha kama robo au theluthi, na mtu akaishi. Katika hospitali zenye uzoefu, takribani wagonjwa wanne kati ya kumi waliokatwa madoa ya ini huwa hai baada ya miaka mitano. Wenye KRAS iliyobadilika wanapata kidogo kuliko hapo, ugonjwa hurudi kwao mara nyingi zaidi, hasa kwenye mapafu, na kwa wagonjwa wote kwa ujumla zaidi ya nusu huona ugonjwa ukirudi mahali fulani. Kwa hiyo si ahadi. Ila tofauti kati ya mtu aliyekatwa na ambaye hakukatwa ni kubwa kuliko tofauti yoyote ambayo dawa ya milioni 60 ingewaletea.

Na hili lina saa yake. Kemo inayotolewa mara nyingi, ile ya oxaliplatin pamoja na fluorouracil, inapunguza madoa, lakini ikiendelea muda mrefu inalichosha ini lenyewe, na mpasuaji anakuta ini lililovimba, lenye damu, lisilopona vizuri. Halafu kuna jambo linaloonekana kama muujiza lakini linatuumiza kichwa: madoa hupungua mpaka hayaonekani kwenye picha. Familia hushangilia. Mara nyingi seli bado zipo pale pale, ila mpasuaji hajui tena akate wapi. Ndiyo maana nashauri picha irudiwe baada ya miezi miwili hivi ya kemo, isiwe baada ya mizunguko kumi na miwili, na daktari wa ini awe ameiona picha ya kwanza kabla dozi ya kwanza haijaingia, au mapema iwezekanavyo kama imeshaingia. Hospitali kubwa za rufaa zina vikao ambapo daktari wa kemo, mpasuaji, mtaalamu wa picha na wa patholojia hukaa meza moja kujadili mgonjwa mmoja mmoja. Ombeni jina la kaka liingie kwenye kikao hicho. Ni haki yake, na kwa kawaida hakina malipo ya pekee.

Kuna dawa ya tatu mtakayoisikia, bevacizumab. Hii haijali KRAS, inakata mishipa ya damu inayoulisha uvimbe. Inaongeza kitu, si kikubwa. Ikipatikana kwa bima, vizuri. Kuuza mali kwa ajili yake, mimi nisingefanya. Na kama upasuaji wa ini unapangwa inabidi isimamishwe kama wiki sita kabla, kwa sababu inachelewesha vidonda kupona na kuleta kutoka damu.

Umenitumia pia sauti ya kwenye kundi la familia inayosema aspirini inasaidia kwa saratani hii. Inatokana na jambo la kweli. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa nchi za Nordiki, uitwao ALASCCA, ulioonyesha kwamba miligramu 160 za aspirini kila siku kwa miaka mitatu zilipunguza kwa karibu nusu kurudi kwa ugonjwa kwa wenye mabadiliko ya jeni ya PIK3CA na ndugu zake. Dawa ya senti kumi ikafanya kazi ya dawa ya mamilioni. Mimi mwenyewe nilifurahi kama mtoto. Lakini wagonjwa wale ugonjwa wao ulikuwa haujasambaa, uvimbe ulikuwa umeshatolewa wote. Kaka hayuko hapo. Asianze kuimeza kimya kimya, na akipewa bevacizumab ndiyo kabisa. Hivyo hivyo kwa mlonge, mwarobaini na chupa za sokoni: sikatazi mtu kunywa uji, ila kila kinachopita mdomoni daktari wake akijue.

Jambo dogo la maabara, kwa sababu limenisumbua miaka mingi. Mabaki ya kinyama cha kaka yamehifadhiwa kwenye bloku ya nta. Ulizeni iko wapi na mhakikishe haipotei, kwa sababu dawa ya G12D ikija, au kipimo kipya kikihitajika, ndiyo itakayotumika. Nimewahi kupokea familia iliyobeba kinyama kutoka mkoani kikiwa kimekaa siku tisa kwenye formalini, mwingine kwenye maji ya chumvi. Formalini ikizidi siku tatu inazikatakata jeni, na maji ya chumvi hayahifadhi kitu. Wamelipa, wamesubiri mwezi mzima, maabara ikawajibu "sampuli haifai". Mkitakiwa kupeleka tena, msisafirishe wenyewe kwenye mfuko wa rambo.

Sasa kemo inapoanza. Oxaliplatin inafanya vidole na koo viogope baridi, kwa hiyo kwa siku kadhaa baada ya kila dozi asinywe maji ya friji, hata joto la Dar likimsema vipi. Ganzi ya vidole ikianza kubaki mpaka dozi inayofuata, aiseme, asiwe shujaa. Fluorouracil ina mtego mwingine, na huu ndio unahusu jeni alizozaliwa nazo: watu wachache hawana uwezo wa kutosha wa kuivunja, na dawa inawajaa mwilini. Dalili hujitokeza mapema, mara nyingi kwenye mzunguko wa kwanza: kuharisha kusikokoma, vidonda mdomoni mpaka kumeza mate ni shida. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, si la kusubiri kliniki ya Jumanne. Homa ya nyuzi 38 au zaidi akiwa kwenye kemo ni dharura hata saa nane za usiku, asipewe panadoli akaachwa nyumbani akisubiri asubuhi. Tumbo kuvimba na kushindwa kutoa hata hewa, kutapika mfululizo, damu nyingi kwenye choo, macho kuwa ya manjano: vivyo hivyo.

Mimi nimesoma barua yako, sijamgusa kaka. Sijui anakula vipi, anatembea umbali gani, figo na ini lake vinafanyaje kazi, na hayo ndiyo yanayoamua mengi kuliko herufi zote nilizokuandikia. Kwa hiyo jibu hili lichukue kama maandalizi ya kwenda kuongea na daktari wake, lisiwe la kwenda kumhukumu. Muulize kama picha imeonwa na mpasuaji wa ini, kemo hii imepangwa kuelekea upasuaji au la, picha itarudiwa lini, na kamera ya utumbo wote itafanyika mwezi gani. Nenda na wifi, asikie mwenyewe.

Nakala ya picha ya CT ombeni kwenye diski, si karatasi ya maelezo peke yake, maana mpasuaji wa ini anahitaji kuona mishipa inapita wapi karibu na yale madoa matatu. Mpaka awe ameiona na kusema neno, kiwanja cha Chanika kiacheni kilipo.